Rangi Ndani ya Ufa

Kitako cha bunduki ya baba kilikuwa kimelala juani uani kwetu, kimepakwa uji mzito wa chokaa kama mguu uliofungwa plasta, na chokaa ilikuwa ikibadilika polepole: kijivu, kahawia, halafu nyeusi. Mafuta yalikuwa yanatoka. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mkono wake wa kulia umelala mapajani, akikitazama.

"Kinatoa jasho," alisema. "Mwenyewe hata siku moja hakutoa."

Nilidhani ni utani wa mjane. Nikacheka.

Mbao iliyokunywa mafuta haishiki gundi, ndiyo maana ya chokaa na jua. Na hii ilikuwa imekunywa ikalewa. Tangu astaafu jeshini, baba alikipaka kitako kile mafuta kila Jumapili, kwa kitambaa laini ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukifutia kitu kingine. Bawaba za milango yetu zilikuwa zikilia nyumba nzima; bunduki ilikuwa ikinukia. Jeshi liliing'oa viungo vya kufyatulia kabla ya kumkabidhi kama zawadi ya kumuaga, kwa hiyo isingeweza kuua hata panya. Lakini yeye aliitunza kama vile vita vingeanza kesho na wa kwanza kuitwa angekuwa yeye.

Alikuwa amefariki majuzi tu. Viti tulivyoazima kwa ajili ya msiba vilikuwa havijarudishwa vyote pale baba mdogo, ndugu yake wa pekee na mwenyekiti wa chama cha askari wastaafu, alipoishusha bunduki ukutani chumbani akaniletea nyuma ya nyumba, kwenye karakana yangu ya useremala.

"Fundi," alisema. Aliniita fundi alipokuwa na shida yake. Siku nyingine nilikuwa yule binti aliyekataa kazi za kike. "Inakwenda kutundikwa ukumbini kwetu, chini ya picha yake. Lakini si na ufa huu. Watu watasema tulimwacha mzee na silaha mbovu."

Ufa ulikuwa shingoni mwa kitako, pale kiganja kinapokamata, ukishuka mshazari. Habari zake tulizijua sote. Risasi zilimwishia baba vitani, akaigeuza bunduki akamtwanga nayo adui, wenzake wakapona. Alipewa bunduki hiyo nikiwa chuo cha ufundi, na mimi nilipoiona mara ya kwanza tayari ilikuwa na ufa, na ufa tayari ulikuwa na kisa chake. Kila mgeni alioneshwa. Mama alipita na sinia la chai, hakuwahi kusimama kusikiliza. Nilidhani amekichoka kisa, maana hata mimi kilikuwa kimenitoka puani.

Ukumbini kwao walikuwa na utaratibu wao: bunduki ya marehemu hutundikwa na mjane mwenyewe, kwa mikono miwili, kwenye kulabu zilizo juu ya kichwa, askari wote wakiwa wamekaa kimya. Baba mdogo alimgeukia mama, aliyekuwa amemfuata hadi karakana.

"Shemeji, utajitahidi. Ni kuinua tu."

Mkono wa kulia wa mama ulikuwa haupandi kupita bega tangu alipoteleza bafuni, miaka ile nikiwa chuoni. Tulishazoea. Vitu vya rafu ya juu tulimshushia bila kuambiwa.

Chokaa ilipomaliza kunyonya niliikwangua, nikakibana kitako kwenye jiliwa. Fundi mvivu hujaza gundi juu juu, akapiga msasa, akaondoka na sifa zake. Mimi nilifundishwa kuufungua ufa kwanza, kwa kabari nyembamba, mpaka mbao ianze kulalamika, ndipo usafishe hadi chini kabisa. Nilichokonoa kwa mswaki wa zamani. Ulitoka uchafu mweusi, uzi wa kitambaa, kisha ganda la rangi dogo kama ukucha wa mtoto mchanga.

Lilikuwa la kijani, na kijani ile naijua.

Likizo yangu ya kwanza kutoka chuoni niliupaka rangi mlango wa jikoni pamoja na fremu yake. Sikuwa na rangi ya maana, nikachanganya mabaki ya makopo niliyookota huku na huko: bluu, njano, na tone la rangi ya fedha iliyobaki jirani alipopaka geti lake. Ikatoka kijani ya kumetameta ambayo sijaiona mahali pengine, na nilipojaribu kuitengeneza tena nilishindwa. Baba alisema nimetupaka chura mgonjwa. Vita vyake vilikuwa vimekwisha kabla sijazaliwa.

Likizo iliyofuata nilikuta bunduki imeshatundikwa ukutani, na mama mkono ukining'inia kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Fremu ya mlango ilikuwa na bonde lililojazwa puti, usawa wa bega. Baba alisema waliigonga wakihamisha kabati. Nilimtania kwamba puti ile imepakwa na mtu aliyefumba macho, naye akacheka sana, akaniahidi siku nyingine ataniachia fundi mwenyewe. Mama alikuwa akikoroga chungu kwa mkono wa kushoto.

Niliweka ganda kwenye kiganja, nikatoka nalo uani.

"Mama, hili unalijua?"

Alilitazama, akautazama mlango, ingawa siku hizo ulikuwa umeshapakwa kahawia.

"Chura wako."

"Limefikaje ndani ya bunduki?"

"Lilipitia begani kwangu," alisema. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya nyanya: "Nilimwambia chakula bado. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Basi."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilimwambia nitakipasua kitako kile kuni, baba mdogo aje atundike majivu.

"Hapana. Kitengeneze, tena vizuri," alisema mama. "Wanataka niinue, nitakwenda. Nitashindwa mbele yao. Wakiniuliza kwa nini, nitawajibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza, mwanangu."

Hakunitazama aliposema hivyo, na nilishukuru.

Basi nikakitengeneza. Nilipenyeza gundi kwa uzi mpaka kwenye kina cha ufa, nikatoboa nikapitisha kijiti cha mbao ngumu kushika pande mbili, nikazungusha ukanda wa tyubu ya baiskeli na kuukaza mpaka gundi ikachuruzika kotekote. Nilipofungua nikapiga msasa, nikachanganya rangi ya mbao mpaka ikalingana. Niliifanya kazi ile kwa chuki, na chuki ina mkono mtulivu kuliko nilivyojua.

Siku ya shughuli mama alivaa nguo yake nzuri. Ukumbi ulijaa. Baba mdogo alisimulia kisa cha adui kwenye kipaza sauti, kirefu kuliko alivyokuwa akikisimulia baba, kisha akamkabidhi mama bunduki. Mama aliinua. Mkono wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulifika kifuani ukagoma, bunduki ikalala upande. Aliishikilia hivyo hivyo, akingoja.

"Shemeji, vipi?" baba mdogo akanong'ona.

"Siwezi," alisema mama. Alitamka taratibu, bila kutetemeka. "Bega hili alilivunja yeye. Kwa bunduki hii hii."

Mimi nilikuwa kiti cha mbele kabisa. Nilisikia kila neno, na nikaona kiganja cha baba mdogo kimeshaziba kipaza sauti. Uso wake haukushtuka hata kidogo. Alisubiri mama amalize, akaondoa kiganja.

"Mama yetu anasema hawezi," aliwatangazia watu. "Majonzi yamemzidi."

Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma yangu alilia, akamwambia mwenzake kwamba wale walipendana. Nilisimama na mimi ili niseme, nikapaza sauti, lakini wote walikuwa wamesimama na wote walikuwa wanapaza sauti, na kwa aliyenitazama nilikuwa binti anayempa baba yake heshima. Baba mdogo akaichukua bunduki, akaitundika mwenyewe.

Njiani kurudi mama aliniuliza, "Walisikia?"

"Baba mdogo alisikia."

"Yule alijua zamani. Ndiye aliyenipeleka hospitali. Habari za bafuni alizitunga yeye, mlangoni kwa daktari."

Hajalizungumza tena mpaka leo, na nikigusia ananituma dukani.

Bunduki bado iko ukumbini. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Baba mdogo huwaambia wageni wapitishe kidole shingoni mwa kitako watafute ufa wa vitani, nao hutafuta, hucheka, hukosa. Ganda la rangi liko nyumbani, ndani ya kiberiti kitupu. Nililiweka rafu ya chini, mama anakofikia.