Siku ya Idi pale Irente

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, mchele wa Idi ulipopatikana kwa foleni ya tangu alfajiri, Zuhura aliamua kuwapeleka wanawe watatu Irente, wakaione nchi kutoka juu ya jabali. Mumewe Rajabu alikubali, ila alisema mama yake abaki nyumbani Lushoto. Bi Zainabu alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu. Juzi tu aliuliza nyumba ile ni ya nani. Lakini Zuhura alimkuta amekwisha jifunga kanga mpya, ameketi kizingitini akingoja, akashindwa kumwacha.

Walifika na furaha yao. Chini kabisa ilionekana Mombo, mabati yanang'aa, na mashamba ya mkonge mistari kwa mistari. Walikuwa wakila maandazi ukungu ulipopanda ghafla kutoka bondeni, na mtoto mdogo akakimbilia ukingoni. Zuhura alimrukia, akamdaka mkono. Alipogeuka, mama mkwe hayupo.

Aliita hadi koo likamkauka. Aliwaamuru watoto washikane, wasibanduke kwenye mti, kisha akalala kifudifudi, akatambaa mpaka ukingoni na kuchungulia. Hakuona kitu, upepo tu ukimpiga usoni. Atamwambia nini Rajabu? Na mwili wa mtu aliyeanguka kule chini, unaanza kuutafuta wapi? Alimwomba Mungu amchukue yeye badala ya mama yule, kisha akawakumbuka watoto, akaogopa dua yake mwenyewe.

Alihangaika vichakani karibu saa nzima, miiba ikimchana, ndipo akasikia sauti ya mwanamke upande wa mashamba ikiuliza ni nani aliyepotelewa na bibi. Alikuwa Yudith, mkulima wa pale. Alikuwa amemkuta Bi Zainabu akizunguka katika mahindi yake, akampeleka jikoni aote moto.

Zuhura aliwachukua watoto pale mtini, akamfuata hadi jikoni, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamshika mikono. Bi Zainabu aliivuta.

"Huyu simjui," alimwambia Yudith. "Siendi naye."

Miaka kumi na minne walikuwa wameishi chini ya paa moja. Zuhura alibembeleza, akamtaja Rajabu, akawasogeza wajukuu. Bibi alizidi kujikunyata nyuma ya Yudith, akitetemeka kama aliyeingiliwa na wezi. Zuhura akatoka nje, akalia mpaka akatosheka. Kisha akajifuta uso, akapiga hodi upya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ninaelekea Lushoto na wanangu, lakini huu ukungu unanitisha. Utanisindikiza?"

Bi Zainabu alimtazama kwa huruma, akainuka, akamshika mkono. Njiani alimwambia asiwe na hofu, kwani nyumbani kwake yuko mkwe wake, mwanamke mwema, atawapikia chai.

Zuhura alijibu kwamba atashukuru sana.