Kompyuta Iliyobaki Mwezi wa Pili

Saa sita mchana tovuti ya gazeti ilikuwa inazimwa moja kwa moja, na makala zote za Mzee zilikuwa humo ndani. Yeye nakala hana. Kila wiki alifungua faili lilelile, akafuta makala ya zamani, akaandika mpya juu yake. Mtindo huo aliuita kubana matumizi.

Ndiyo maana binti yake, fundi wa kompyuta, alikuwa sebuleni akihangaika na programu ya kukusanya maandishi ya mtandaoni. Unaipa anwani ya tovuti, inapita ukurasa kwa ukurasa, inakurundikia maneno yote kwenye folda moja. Ndivyo walivyoahidi walioitengeneza. Mhariri wa gazeti, ambaye ndiye angeizima tovuti, alikuwa kwenye simu, spika wazi, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari.

"Vipi huko?"

"Haitaki hata kufunguka," binti alisema.

Kinga ya virusi ilikuwa imeikamata programu na kuifungia kama mwizi. Binti akaitoa, akaipa ruhusa, akabonyeza Anza.

Kurasa zilizokusanywa: sifuri.

"Sifuri?" Mzee alivuta kiti karibu. "Miaka yote hii naandika, mashine inanipa sifuri?"

"Tumelingana," alisema Mama, mkewe, aliyekuwa pembeni akipitisha uzi kwenye sindano. "Hata mimi nimesoma sifuri."

Binti akaijaribu tovuti kwa kivinjari cha kawaida. Likaja onyo: cheti cha usalama cha tovuti hii bado hakijaanza kutumika. Akatupa jicho kwenye kona ya skrini.

"Baba, tuko mwezi wa ngapi?"

"Swali gani hilo? Wa nne."

"Kompyuta yako iko wa pili. Tovuti imepata cheti kipya juzi, kompyuta inakiona kama kitu cha kesho kutwa, inagoma. Nikirekebisha tarehe tunaingia."

Mzee alikohoa, akamwonyesha simu kwa nyusi. "Iache hivyohivyo, mwanangu. Imezoea."

"Baba!"

"Tafuta njia nyingine."

Mzee alikuwa na ugonjwa wa kuchelewesha makala. Kila akichelewa, alirudisha tarehe ya kompyuta nyuma, akahifadhi faili, kisha akampelekea Mhariri kwenye flashi huku akimwonyesha tarehe ya faili kwa kidole: kazi iliisha mapema, ona mwenyewe, flashi ndiyo ilisahaulika mfukoni. Kurudisha nyuma alijua. Kusogeza mbele hakuwahi kukumbuka.

Sasa aliitazama simu, akaitazama ile sifuri, akaitazama tena simu.

"Rekebisha," alinong'ona.

"Mnarekebisha nini?" Mhariri aliuliza.

"Tarehe," binti alisema. "Ilikuwa nyuma."

"Aa, ile! Mzee, kumbe bado? Juzi umeniletea makala ya mwezi wa pili inalalamikia mafuriko ya mwezi wa nne. Ofisi nzima tunakuita Nabii."

Mama alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Mzee akajifanya anapangusa miwani ambayo hakuwa amevaa.

Anza tena. Safari hii mafaili yalimiminika. Binti akafungua la kwanza: "Tafadhali kubali vidakuzi ili kuendelea." La pili, hivyohivyo. La kumi, hivyohivyo.

"Haya si yangu!" Mzee alipiga kelele.

"Ungekuwa unaandika hivi ningesoma," Mama alisema. "Fupi, halafu kuna tafadhali."

Programu ilikuwa inaishia mlangoni, inanakili tangazo la kuomba ruhusa na kuondoka zake. Binti akalikubali lile tangazo kwa mkono wake ndani ya programu, akaiamuru ikumbuke, akafuta uchafu wote, akaanza upya. Zikaja. Mzee alizitambua kwa vichwa vyake, akawa anaziita moja moja kama anapokea wageni. Ya mwisho iliingia wakati Mhariri ameshaanza kuhesabu dakika kwa sauti.

"Haya, nazima. Hongera, Mzee."

Mzee alijinyoosha kitini. Mama, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, alisogea kusoma kazi za mumewe. Alisoma kidogo. Akarudia, kwa sauti.

"'Namfahamu mwanamke mmoja, akikoroma majirani wanadhani trekta limepita.'" Akageuka. "Baba Fundi, mwanamke gani huyo?"

Mzee aliinamia simu. "Mhariri, ile ya trekta iliwahi kusomwa na watu?"

"Wengi tu. Ila tovuti nimeshaizima, usiwe na wasiwasi. Iliyobaki duniani ni hiyo hapo kwako."

"Soma na inayofuata, Mama," binti alisema, akimpisha kiti.