Jina la Leso

Jumatatu saa mbili asubuhi Biasha aliivua kompyuta kitambaa chake, akapangusa kibodi kwa ncha ya buibui, akaandika: SAWA 0 100 WAA.TXT. Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka wa 1998. Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha na mihogo ilikuwa imeozea ardhini. Ofisi ya mradi wa lishe ilikuwa chumba kimoja Msambweni, nyuma ya duka la mbao.

SAWA ilikuwa programu ndogo isiyo na picha. Uliiandikia kwenye kioo cheusi kipimo cha chini, kipimo cha juu na jina la faili la kijiji. Ilisoma uzani wa watoto wa kijiji kizima, ikamfanya mwepesi kuliko wote kuwa sifuri na mzito kuliko wote kuwa mia, kisha ikawapanga waliobaki katikati bila kumpendelea mtu. Ilipomaliza iliandika neno moja: SAWA.

Wafadhili walipenda vijiji vyote viwe na kipimo kimoja. Lakini kila kijiji kilipimwa kwa watoto wake wenyewe, kwa hiyo kijiji chenye njaa na kijiji chenye shibe vyote vilipata wastani wa karibu hamsini. Biasha alimweleza jambo hilo mkuu wake, Gedion, aliyetoka bara.

"Si ndio poa?" alisema Gedion. "Report inakuwa clean."

Alhamisi alikuja mama mmoja kutoka Waa. Alipiga hodi, akaingia akiwa amemshika mwanawe kifundo cha mguu. Mtoto alikuwa akielea karibu na dari, amelala usingizi, shati limemfunika uso.

"Shikamoo, bwana," mama alimwambia Gedion, ingawa alimzidi umri. "Mimi ni mama yake Tsuma. Tangu Jumatatu hakai chini. Nimeambiwa huku ameandikwa sifuri. Naomba aongezwe kidogo, hata moja."

"Mama, hiyo sifuri ni relative tu. Haimaanishi kitu."

"Naona, bwana. Basi nimfunge na nini? Kamba inamchubua."

Gedion alifikiri kidogo. "Jaribu leso," alisema, akionyesha kanga aliyojitanda mama. Alipomsogezea kiti, mama alikuwa ameshaondoka na mwanawe, basi Gedion akafungua dirisha kwa sababu ya joto.

Biasha aliona kwamba pangaboi la darini, pale mtoto alipokuwa akielea, lilikuwa limesimama. Alijiuliza kama mtu alikuwa amelizima au umeme ulikuwa umekatika. Ulikuwa umekatika.

Jumatatu iliyofuata ilifika karatasi ya uzani ya kijiji cha Bodo. Bodo ndiko alikozaliwa Biasha, na ndiko binti yake Ummi, wa miaka mitatu, alikokuwa akikaa na bibi yake. Watoto walikuwa thelathini na mmoja. Mzito kuliko wote alikuwa na kilo kumi na nne. Mwepesi kuliko wote alikuwa na saba nukta tisa, na huyo alikuwa Ummi.

Biasha alisoma mstari huo mara tatu. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya makuti, na makuti yalikuwa yametoboka upande wa magharibi tangu mvua zile. Alilijua tundu lile. Mtoto anayeelea angepita.

"Nataka disketi kabla ya saa sita," alisema Gedion. "Nisipovuka feri ya Likoni mapema nitalala Mombasa."

"Tuandike moja badala ya sifuri, leo tu."

"Zero to hundred, Biasha. Wanataka hivyo. Unaogopa nini?"

Biasha aligeukia kibodi. Alibadilisha saba nukta tisa kuwa nane nukta mbili. Sasa aliyekuwa chini kabisa alikuwa Randu, mtoto wa jirani, mwenye nane nukta moja. Biasha alikuwa amembeba Randu siku ya arubaini ya kuzaliwa kwake. Akaurudisha uzani wa Ummi ulivyokuwa. Alifikiria kuongeza mtoto wa kubuni, lakini hakujua mtoto wa kubuni angeelea katika nyumba ya nani.

Ndipo alipoona mstari wa mwisho wa karatasi. Kule Bodo watoto hufungwa katika leso, leso ikatundikwa kwenye ndoano ya mizani, na baadaye uzani wa leso hutolewa. Mpimaji alikuwa ameuandika: sifuri nukta tatu. Leso hiyo Biasha aliijua, ilikuwa ya mama yake. Faili lilitaka vitu viwili tu, jina na uzani. Na leso ina jina, ule msemo ulioandikwa juu ya pindo lake la chini. Akaandika: NIACHE NILIVYO, 0.3. Akabonyeza.

SAWA, ilisema kompyuta.

Ummi alikuwa hamsini na tano. Gedion aliinama nyuma ya Biasha akisoma.

"Huyu Niache Nilivyo ni mtoto wa nani?"

"Ni wa kwetu."

"Watu wa pwani na majina yenu!" alisema, akachomoa disketi.

Jumamosi Biasha alikwenda Bodo. Leso ilikuwa imekwama darini, na mama yake alikuwa akiivuta kwa upembo wa kuangulia mapapai. Ummi alikuwa ameketi sakafuni. Biasha alimwinua, akamshusha, akamwinua tena.

Baada ya wiki mbili jibu la wafadhili lilifika. Kwa kuwa leso ilikuwa imeshika chini kabisa, watoto wote wa Bodo walikuwa wamepanda, na wastani wa kijiji ulikuwa sabini na mbili, wa juu kuliko vijiji vyote. Wafadhili waliwapongeza akina mama. Unga wa uji uliokuwa ukigawiwa Bodo ulipelekwa kwingine.

Mwezi wa sita Ummi alikuwa na kilo saba nukta moja. Biasha aliandika leso kwanza, kisha watoto.

"Iko sawa?" aliuliza Gedion kutoka mlangoni.

"Ni sawa," alijibu Biasha.

Huko Bodo mama yake Biasha aliendelea kumbeba Ummi mgongoni kwa leso ile ile. Aliipenda kwa sababu ilielea na haikumlemea. Siku za upepo alifunga fundo mara mbili, akamshika mtoto mguu kwa mkono mmoja, kwa kuwa siku hizi hakuweza tena kujua kwa mgongo kama mtoto bado yumo.