Samli ya Pasaka

Kisa hiki ni cha kweli neno kwa neno, na asiyeamini aende Gojjam akaulize. Yameongezwa maneno machache tu ili kinoge. Pengine nusu.

Mtaani penye kanisa la Giyorgis hapakuwa na mama aliyeonekana mcha Mungu kama Aselefech. Shuka jeupe, macho chini, na mfungo ukifika sura yake ilinyong'onyea hata padri, Aba Melaku, akawaambia wanawake wengine wamtazame: imani ya moyoni, alisema, hutokeza usoni. Aselefech akazidi kuinama. Alikuwa na sababu. Wiki ya sita ya mfungo, siku ambazo hata maziwa ni dhambi, alifunua chungu cha samli ya Pasaka aliyoipika mkwewe, Fantaye, akachovya kidole. Kidole kikarudi. Alipokuja kufunika, chungu kilikuwa nusu.

Mwanawe Gashaw alipokiona alimwuliza mkewe. Fantaye akasema si yeye. Gashaw akamgeukia mama yake, na mama, badala ya kusema, akapiga ishara ya msalaba na kuguna. Guno lile lilitosha. Tangu siku hiyo Fantaye aliambiwa asimame nje ya lango la kanisa pamoja na walioshindwa kufunga, na Gashaw akaapa kwamba Pasaka ikipita tu, anamrudisha kwao.

Kilichomchoma Aselefech ni kwamba yule binti hakununa. Alisujudu palepale langoni kwenye changarawe, akirudi nyumbani akamwosha mama mkwe miguu kama kawaida, akisema Mungu anajua na Jumapili itafika. Uso wake ulikunjuka kama wa mtu anayengoja mgeni ampendaye. Aselefech alikuwa akiutazama huku maji yakipita vidoleni, na wake mwenyewe akauona wa kuazima.

Ijumaa Kuu watu walisujudu tangu asubuhi. Makasisi walipita na vijiti vya mzeituni. Kila mtu alinong'ona dhambi yake, akagongwa mgongoni, akaongezewa mara za kusujudu. Aselefech alifika mbele ya Aba Melaku ameazimia kumwaga yote. Akasema amemchukia kuku wa jirani.

"Kuku tu, mama?"

"Na jogoo."

Akapewa kumi. Alizimaliza, akashindwa kusimama pembeni, akaendelea. Ishirini. Hamsini. Kila paji la uso lilipogusa ardhi alimwona Fantaye akifunga nguo zake kwenye furushi. Watu wakaanza kuonyeshana kwa vidole, wakimnong'onea sifa, na kila sifa ilimwingia kama mwiba. Alipofika tisini na kitu magoti yakagoma, akabaki kifudifudi.

Aliyekuja mbio kutoka langoni kumwinua alikuwa Fantaye. Gashaw akamfuata, amekunja uso, akimwuliza mkewe nani amemruhusu kuingia.

"Mwache," alisema Aselefech, midomo bado vumbini. "Humrudishi popote. Samli niliichukua mimi."

Waliokuwa karibu wakageuka kutazama. Aba Melaku naye akasogea, na Aselefech alipoviona viatu vya padri, moyo uliokuwa umeanza kuwa mwepesi ukanywea. Macho yote yale, na sifa zote zile.

"Lakini sikuila," akaongeza haraka. "Nile na mfungo? Kichwa kilikuwa kinapasuka, ndiyo nikaipaka nywele."

Gashaw akashusha pumzi. Mama kupaka siagi kichwani si ajabu. Wanawake wote pale walikuwa wamekwisha kufanya hivyo. Mmoja akatikisa kichwa kumhurumia, na Aba Melaku akainua mkono ili ambariki.

Fantaye alikuwa amepiga magoti, anamfuta mama mkwe vumbi kwa ncha ya shuka lake mwenyewe. Aliendelea kufuta. Aliposema, alisema polepole, kama mtu asiyetaka asikike.

"Mama, inayopakwa ni siagi mbichi. Ile niliichemsha na vitunguu saumu na tangawizi."