Pembe Kumi na Mbili Mgongoni mwa Ruona

Mama yangu, Fiina Kangas, alikuwa na kazi ya kuumika. Kwa miaka kumi na tisa, kila mwenye mgongo mbovu kati ya mashimo ya shaba na Ziwa Superior aliletwa kwenye sauna yetu, kibanda cha mvuke, akalazwa benchini, akapigwa chuku kwa pembe za ng'ombe mpaka damu mbaya itoke. Walikuja wamekunja nyuso, wakaondoka wamelegea kama nguo iliyofuliwa. Kisha walikaa kibarazani, miili ikifuka mvuke kwenye baridi, wakinywa kahawa kwa mkate wa iliki na kucheka ovyo.

Jumamosi watu wa kanisani na watu wa ukumbi wa wafanyakazi, ambao barabarani hawakupeana hata salamu, walikaa benchi moja uchi wa mnyama, wakachapana migongo kwa matawi ya mbetula. Mama aliwawekea sharti moja tu: linalosemwa ndani ya mvuke halitoki nje ya mlango.

Eliel Ruona peke yake hakuwahi kukanyaga kwetu. Katika mgomo mkubwa wa mwaka 1913 baba yangu, Nestori, aligoma. Ruona alishuka shimoni kila siku akilindwa na askari wenye bunduki. Mgomo ulipovunjika, ikajulikana kwamba kampuni ina orodha ya majina, na la baba limo. Hakuna shimo lililompokea tena. Akaenda kukata magogo msituni, na theluji ya mwaka wa pili ilipoanza kuyeyuka, mti ukamwangukia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Watu walinong'ona kwamba Ruona ndiye aliyetoa majina, lakini hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Februari ya 1925 mkewe, Hilma, alibisha hodi kwetu.

"Dada Fiina, hawezi hata kufunga viatu. Daktari wa mgodini kampa dawa ya kupaka, wapi!"

"Mbona hakuja mwenyewe?"

"Anaona haya."

"Haya? Kaanza lini?" Mama aliendelea kukanda unga. "Mlete Jumamosi saa tisa."

Hilma alipotoka nikamgeukia Mama. "Mama, yule mtu unamwingiza humu?"

"Mgongo ni mgongo, Lyyli."

"Na baba je?"

"Baba yako hana mgongo tena. Kalete kuni."

Jumamosi Ruona alikuja, amepinda kama mundu. Alivua nguo bila kututazama akapanda benchi la juu. Mama alimwaga maji juu ya mawe, mvuke ukapanda. Kwa miaka yote niliupenda mvuke ule, unavyokuja polepole na kukushika mabega kama mikono ya mtu anayekujua. Siku hiyo niliuchukia kwa kuwa ulimfaa yeye.

Mama alimkanda, akamchanja kwa kishoka chake kidogo cha kuumikia, akaziweka pembe moja moja, akizifyonza kwa mdomo mpaka zikashika. Kumi na mbili. Mtu mwenye pembe kumi na mbili mgongoni hainuki.

"Mikono yako mizito, Fiina," Ruona akanung'unika. "Unachinja ng'ombe?"

"Ng'ombe hulalamika kidogo kuliko wewe."

"Nestori alikuwa halalamiki, eh?"

Mama alizipapasa pembe kuona kama zimeshika. Kisha akauliza taratibu, kama anayeuliza bei ya viazi: "Ulitoa majina mangapi, Ruona?"

Nilisikia mawe yakilia kwenye moto. Nilidhani atakana.

"Saba," akasema, uso ameufukia mikononi. "Lake lilikuwa la nne. Nilikuwa na watoto watano na jiko halina kitu. Ukitaka niombe msamaha, hutaupata. Ningeyatoa tena kesho."

Nilinyakua ndoo nikamwaga maji yote juu ya mawe. Mvuke ulilipuka kama mnyama. Ruona alipiga yowe. Nilichovya ndoo kwenye pipa la maji ya moto mara ya pili, na safari hii sikuwa na haja na mawe, nilikuwa na haja na mgongo wake.

Mama alinidaka mkono. "Toka."

"Umemsikia! Umemsikia alichosema!"

"Nimesema toka, Lyyli! Humu ndani mgonjwa hapigwi!"

Alinisukuma mimi, bintiye, nje kwenye theluji na shuka langu moja, akafunga mlango na kubaki na yule mtu. Kupitia dirishani nilimwona aking'oa pembe moja moja, akimwosha damu kwa maji ya uvuguvugu, akimpaka mafuta. Hakuharakisha hata moja.

Ruona alitoka amenyooka. Mama alimwambia, "Kwa wiki moja usinyanyue kitu. Na ukifa, usiniite nije kukuosha."

"Nani atakuita?" akajibu, akaenda zake.

Kesho yake nilikwenda ukumbini. Watu walikuwa wanakunywa kahawa baada ya mkutano. Nilisimama juu ya kiti nikasema yote: saba, la nne, ningeyatoa tena. Mke wa mmoja wa wale saba aliangusha kikombe. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuzia Ruona maziwa, wala aliyekaa karibu naye, hata kanisani. Mwezi wa tano alipakia familia yake kwenye gari, wakahamia mbali. Hilma alikuwa analia. Mimi sikumhurumia Ruona, na sijamhurumia mpaka leo.

Lakini Jumamosi ya kwanza baada ya mimi kusema walikuja watu wawili. Ya pili hakuja mtu. Mzee Kustaa, aliyekuwa akiumikwa kila mwezi, nilimkuta dukani nikamuuliza kulikoni.

"Mwanangu," akasema, "kwenye pembe za mama yako mtu husema mambo. Sasa tunajua yanakwenda wapi."

Nilimfikishia Mama. Hakunipigia kelele.

"Baba yako nilimzika mara moja," alisema. "Wewe umenizikia na kazi yangu."

"Nilisema kweli, Mama."

"Kweli haikuwa yako. Iliachwa benchini, ukaiiba."

Pembe zake alimpa binti wa jirani, Saima, akamfundisha. Mimi hakunifundisha.

Tuliishi nyumba moja miaka mingine minane. Kila Jumamosi nilipasua kuni, nikawasha sauna, nikachota maji. Yeye alitangulia peke yake, akaosha mgongo wake mwenyewe alipofikia. Akitoka alipita mbele yangu bila kunitazama, nywele zimelowa. Maneno yake yalikuwa mawili tu, wiki baada ya wiki:

"Ingali moto."

Nami nikaingia.