Msamaha wa Jumapili

Sefania alisimama mbele ya madhabahu akaungama, na sisi Walutheri wa mlimani, watu wagumu wa machozi, tukalia. Alisema yeye ndiye aliyeharibu ndiva, lile bwawa la udongo ambalo kijiji kizima hugawana maji yake kwa zamu wakati wa kiangazi. Alifungua mlango wa maji siku isiyo yake, anyweshe kabichi zake, asiufunge sawasawa. Maji yakala ukingo mpaka ukabomoka, yakasomba maharage ya shamba la ujamaa. Mchungaji alimwekea mkono kichwani, akamrudisha kundini. Tukaimba wimbo wa toba, beti zote.

Alifika nyumbani mwepesi. Alikula makande kwa hamu ambayo mkewe, Rahabu, alikuwa ameshaisahau.

"Baba Timotheo," Rahabu akamwambia, "Selemani alikaa benchi gani leo?"

"Selemani Mwislamu, mama. Atakaaje kanisani?"

"Ndiyo maana nauliza."

Siku ile ya ndiva ilikuwa zamu ya jirani yao Selemani, hivyo vidole vyote vilimwelekea yeye. Ndiva ilipozibwa, kikao cha kijiji kilimnyima maji mpaka kiangazi kiishe. Viazi vyake vilikauka. Sefania alikuwemo kikaoni, mzee wa kanisa mzima, akatazama vidole vya miguu yake.

"Habari zitamfikia tu," alimjibu mkewe.

"Kwa mdomo wa nani?"

Makande yakamshinda. Jioni hiyo alikwenda kwa Selemani, akamkuta anatia jembe mpini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Sefania. Karibu."

Alieleza yote akiwa amesimama. Selemani aliweka jembe chini.

"Mimi nimekusamehe, Mungu ni shahidi," alisema. "Lakini mimi sikuhukumiwa hapa uani."

Sefania alielewa, na aliogopa. Kanisani kuna wimbo wa kumpokea mwenye toba, kikaoni hakuna. Kule wangekuwepo Wakatoliki na Waislamu, na kabichi zake zilikuwa bado zinataka maji. Nami niseme ukweli: angenyamaza, tungemwacha. Tulikuwa tumeshamsamehe kwa niaba ya mtu ambaye hatukumuuliza.

Kikao kilipokutana alinyoosha mkono kabla hata ajenda hazijasomwa. Alisema maneno yaleyale ya kanisani, ila safari hii alitaja jina la Selemani, na alisema kwamba alimwacha aadhibiwe. Watu waliguna. Mwenyekiti wetu, Paskali, alifungua kwanza daftari la zamu. Kisha alisema zamu ya Sefania itakwenda kwa Selemani mpaka mvua zinyeshe.

"Ni haki," Sefania alijibu, akataka kukaa.

"Usikae kwanza." Aliyesema ni Halima, mke wa Selemani, ambaye hakuwahi kusema kikaoni. "Watoto wangu wakienda kuteka maji walikuwa wanaitwa watoto wa mharibifu. Njia ya kwendea maji inapita mlangoni kwako. Ulikuwa husikii?"

Angeweza kusema yuko shambani mchana kutwa. Tungemwamini.

"Nilikuwa nasikia, mama Zuhura," alisema. "Kila siku nilikuwa nasikia."

Halima akakaa. Sisi tuliomlilia Jumapili hatukuwa tumemuuliza hivyo.