Walioonwa Kabla ya Kufika

Haya ni ya kweli kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho, na kama nimeongeza chumvi hata punje moja, mate yanikauke mdomoni.

Katika hospitali moja kulikuwa na benchi la wagonjwa wa nje, refu kiasi kwamba aliyekaa mwisho wake alihesabiwa mkazi wa mtaa wa pili. Mama mmoja alikaa pale mjamzito. Alipoitwa na daktari, mtoto alishaanza kuomba maji ya kunywa.

Aliyeumwa na benchi hilo kuliko wagonjwa wenyewe alikuwa muuguzi kiongozi wa kitengo, ambaye wote walimwita Sista. Alikuwa na miaka arobaini na sita, watoto wawili, na mume aliyejifunza kupiga pasi kwa lazima. Mwaka wa nne huo alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa taarifa za kitabibu, masomo waliyopangiwa watu walioko kazini: darasani Jumamosi kutwa, na kazi za kuandika anazifanya saa ya chakula ndani ya stoo ya mashuka, kiti chake ndoo iliyopinduliwa. Mwaka wa nne ndio wa mwisho. Kilichobaki ni tasnifu, na tasnifu yenyewe ilikuwa hilo benchi.

Mpango ulikuwa mwepesi. Karani wa dirishani akiandikisha mgonjwa, saa ya kompyuta inaanza kuhesabu. Daktari akimpokea chumbani anabofya "Ameonwa", saa inasimama. Saa nzima ikipita bila kubofywa, jina linageuka jekundu kwenye kompyuta ya Mganga Mkuu. Wekundu huo Sista aliubuni mwenyewe, akautetea darasani, akapewa alama za juu. Hakujua anajipalia makaa.

Mwezi wa kwanza, watu walisubiri kwa wastani wa saa tatu na dakika kumi. Mwezi wa pili, saa moja. Wa nne, dakika tisa. Mganga Mkuu akachapisha mchoro wa mstari unaoporomoka, akaubandika ukutani juu ya benchi, ili waliokaa tangu asubuhi wapate cha kusoma.

Chini ya mchoro huo, kila Jumanne, alikaa mama mdogo wa Sista, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Alikuja kusafishwa kidonda, mguu wa kushoto umevimba kama mto wa kulalia. Kupitishwa mlango wa nyuma alikataa katakata. "Hawa nao wana watoto wao," alisema, "ila wa kwao hawavai sare."

Jumanne moja, saa tano, Sista alimkuta palepale alipomwacha saa mbili.

"Mama mdogo, hujaingia bado?"

"Wewe ndiye mwenye kompyuta. Yenyewe inasemaje?"

Sista akaenda kuangalia. Kompyuta ilisema mama mdogo amefika saa mbili kamili, na ameonwa saa mbili kasoro dakika nne. Akasugua miwani, akasoma tena. Alirudi benchini akamweleza kwa sauti ya chini, lakini benchi hilo lilikuwa na masikio mengi.

Mama mdogo akautazama mguu wake. "Kumbe nimeshaonwa. Mbona huku chini hakujafika taarifa?"

Watu wakacheka, hata yule aliyekuja na jino. Sista hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari.

"Dokta, unabofya watu ambao hawajaingia?"

Daktari hakujitetea sana. "Nikifika tu nabofya wote wenye miadi, arobaini kwa mkupuo. Siku nikiwahi kabla ya dirisha kufunguliwa, ndiyo hivyo, wanaonwa wakiwa njiani. Nisipofanya hivyo, nikifika kwa mgonjwa wa tano majina thelathini yamegeuka mekundu, na Mkuu ananipigia simu kidole changu kiko kooni mwa mtu. Wekundu huo, Sista, aliuweka nani?"

"Mimi."

"Basi na mimi sina zaidi."

Akaenda dirishani kwa karani. Karani huyo, isemwe wazi, alikuwa mtu mwerevu, mtanashati, mwenye kuheshimika, na lawama yoyote katika kisa hiki isimkaribie.

"Wasio na miadi mimi nawapa kikaratasi kwanza," alisema karani. "Mlango wa daktari ukifunguka ndipo naandika kuwa wamefika. Dakika mbili, tatu, kazi imeisha. Tulikuwa tunakusaidia, Sista. Hapa kila mtu anakuombea hiyo shahada."

Sista alitafuta hasira akaikosa. Utamgombeza vipi mtu anayekuombea?

Mganga Mkuu alimsikiliza amesimama. "Wiki ijayo wageni wanakuja kuona huo ukuta," alisema.

"Mkuu, ukuta unadanganya."

"Hakuna aliyeulalamikia. Maliza masomo kwanza, mwanangu. Ukishakuwa na shahada utakuja uturekebishe."

Akabaki Profesa, msimamizi wa tasnifu, ambaye alipokea simu akiwa na haraka. "Wale walioonwa kabla ya kufika, wafute. Andika kwamba saa ya kompyuta ilikuwa na hitilafu."

"Na wanaobaki, Profesa?"

"Wanaobaki ni wazuri mno."

Wanaobaki walikuwa uongo uleule, ila uliooga na kuvaa. Sista alikaa juu ya ndoo yake stoo, akawafuta watu mia moja na themanini, akawarudisha, akawafuta tena, akawarudisha. Angekuwa na namba za kweli angezitoa. Hakuwa nazo. Miezi sita yote, muda waliosubiri watu wale haukuandikwa popote isipokuwa kwenye makalio yao. Chai ikapoa. Kengele ya wodi ikalia akaenda kumshika mkono mtu mwingine.

Ijumaa akasimama mbele ya jopo la watu watatu. Mtahini wa nje akafungua ukurasa alioukunja pembe.

"Hawa mia moja na themanini walionwa kabla ya kufika. Tueleze."

Sista akaeleza yote: wekundu, mkupuo wa asubuhi, vikaratasi. Hakumsema mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo wagonjwa wako walisubiri muda gani?"

"Sijui."

"Kwa kukadiria?"

"Hata kwa kukadiria sijui. Mwenye kujua ni benchi."

Wakamtoa nje. Alipoitwa tena akalikuta jopo zima limesimama, mwenyekiti anafuta machozi kwa tai, joho jekundu lenye nyuzi za dhahabu liko mikononi tayari kwa...

"Muongo wewe."

Sauti hiyo ilitoka nyuma ya msimulizi, ambaye alikuwa ameketi katikati ya benchi lenyewe, anawapunguzia wagonjwa uchovu wa kungoja. Sista alikuwa amesimama na faili kifuani.

"Hakuna aliyesimama," alisema. "Mwenyekiti alikuwa anatafuta chaja ya simu. Wamenipa miezi sita nianze upya, na nikishindwa jina langu linafutwa. Na huyo karani mtanashati, mbona hujawaeleza sura yake? Ana upara, miwani imefungwa uzi, na amestaafu mwezi uliopita. Jamani, mmemwona?"

Benchi zima likageuka kumtazama msimulizi. Msimulizi akavua miwani, lakini uzi ulishaonekana.

"Sista, nilikuwa nakuombea kweli."

"Najua. Sasa acha kuomba." Akamwekea daftari mapajani. "Siwezi kuacha wodi nije kukaa hapa, na kompyuta siiamini. Utaandika kila anayefika, na saa anayoingia. Siku zote za kazi, miezi sita."

"Miezi sita, Sista? Na mgongo huu?"

"Umekaa hapa wiki tatu unasimulia, mgongo haujasema kitu."

"Andika, mzee," alisema mama mdogo, akisogeza mguu wake kumpa nafasi. "Uanze na mimi."

Msimulizi akaandika: amefika saa mbili. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro robo. Mlango wa daktari ulikuwa umefungwa, na ndani, kwenye skrini ya daktari, mama mdogo alishaonwa tangu asubuhi.

"Hapa pa kuingia niandike nini?"

Sista aliutazama mlango, kisha benchi mpaka mwisho wake.

"Paache wazi," alisema, akarudi wodini.